Tumbo na Daftari
Mhadhara kwa wanawake wa Roret, Kaunti ya Kericho



Nimekuja kuzungumza juu ya saratani ya ovari, na juu ya wanawake waliowahi kuishi, kufanya kazi au kuokoa watu mahali palipomwagika sumu. Mambo haya mawili huzungumzwa kila moja peke yake. Ugonjwa huachiwa daktari, sumu huachiwa watu wa NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa. Mwanamke aliyevuta vumbi leo akaja kuugua baada ya miaka 30 huangukia katikati, na pale katikati hakuna anayemuuliza swali. Ombi langu kwenu ni moja, nami nitalirudia kwa njia nyingi: tuandike. Tuandike tumbo linavyosema, na tuandike mahali tulikopita.

Huku kwetu saratani ikitajwa, watu hushika koo, na wana sababu. Ukanda huu wa Kericho na Bomet umejulikana miaka mingi kwa saratani ya umio, na hospitali ya Tenwek imewawekea wagonjwa wengi sana mirija ya kupitishia chakula, wengine wakiwa vijana ambao hawajatimiza miaka 30. Baada ya koo, tumefundishwa kuhusu mlango wa kizazi. Wasichana wetu wamekuwa wakichanjwa dhidi ya virusi vya HPV tangu 2019, na wengi wenu mmewahi kulala kwenye kitanda cha kliniki mkapimwa kwa siki. Kazi hiyo ni njema, iendelee. Lakini imeleta utulivu ambao si wa kweli. Mama anapimwa mlango wa kizazi, anaambiwa uko safi, anarudi nyumbani akiamini kwamba sehemu zake zote za uzazi zimekaguliwa. Hazijakaguliwa. Kipimo kile hakiioni ovari kabisa.

Ovari ni mbili, kila moja ukubwa wa kokwa ndogo ya parachichi, zimefichwa ndani ya nyonga pande mbili za mfuko wa uzazi. Humo mayai hutunzwa na homoni hutengenezwa. Saratani nyingi tunazoziita za ovari, hasa ile aina kali inayoua zaidi, wataalamu siku hizi wanaamini huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, kisha ikaishika ovari na kutapakaa tumboni. Nyonga ina nafasi. Uvimbe unaweza kukua humo bila kukandamiza kitu kinachouma, na seli zake zikasafiri ndani ya maji ya tumbo hadi kwenye utando unaofunika matumbo. Ndiyo sababu wanawake wengi hugunduliwa ugonjwa umekwisha kuenea. Katika nchi zenye matibabu kamili, mwanamke ambaye saratani yake imepatikana ingali ndani ya ovari tu ana nafasi zaidi ya 9 kwa 10 ya kuwa hai miaka 5 baadaye. Ikipatikana imeenea tumboni, nafasi hiyo hushuka hadi karibu 3 kwa 10. Mwaka 2022 wanawake wapatao 324,000 duniani waligunduliwa nayo, na zaidi ya 206,000 walikufa.

Mtaniuliza: kwa nini basi tusipimwe sote mara kwa mara, kama tunavyopimwa mlango wa kizazi? Swali hilo lilijaribiwa kwa uzito Uingereza. Wanawake zaidi ya 200,000 wa umri wa miaka 50 hadi 74 waligawanywa katika makundi. Wengine walipimwa kila mwaka kwa damu au kwa altrasaundi, wengine hawakupimwa. Matokeo ya mwisho yalitolewa 2021. Vifo havikupungua. Basi mtu akija hapa sokoni kuwauzia kipimo cha damu cha CA-125 na kusema kitawakinga, mwambieni aende zake. Kipimo hicho kina kazi yake kwa mwanamke mwenye dalili na kwa yule anayefuatiliwa baada ya matibabu. Kwa mwanamke mzima asiye na dalili, huleta hofu nyingi na visu visivyo na sababu.

Kinachobaki mikononi mwetu ni dalili, na nataka nikae hapo.

Dalili zenyewe ni za kawaida mno. Tumbo kujaa na kuvimba. Maumivu ya tumbo la chini au nyonga. Kushiba haraka, ukila tonge chache za ugali unahisi umekula sufuria nzima. Kwenda haja ndogo mara kwa mara, au kubanwa ghafla. Kila mmoja wetu amewahi kupata moja ya hizi baada ya maharage au wakati wa hedhi. Tofauti ni jinsi zinavyokuja. Daktari Barbara Goff wa Marekani na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba za kuhofiwa ni zile mpya, zilizoanza ndani ya mwaka mmoja, zinazorudi zaidi ya siku 12 kwa mwezi. Ndio hapo daftari linapoingia. Hakuna anayekumbuka siku 12 kwa kichwa. Chora msalaba kwenye kalenda ya ukutani, ile mliyopewa dukani, kila siku tumbo linapokusumbua. Mwezi ukiisha, hesabu.

Wachumaji chai mna kipimo kingine ambacho daktari hana. Kila asubuhi mnafunga ile eproni ya plastiki kiunoni kuzuia umande. Kamba yake ni ileile, mwili wako ni uleule. Kamba iliyokuwa ikizunguka mara mbili ikianza kufika mara moja, na mikono na uso wako vimekonda, hilo si kunenepa. Nimewasikia majirani wakimwambia mama wa miaka 60 kwamba sasa amepata nafuu ya maisha kwa kuwa tumbo limetoka. Huenda ni maji ya ugonjwa.

Mwanamke wa namna hiyo akienda kutibiwa, mara nyingi hurudi na dawa za alsa. Zikishindwa, anaambiwa ni taifodi, kisha amiba, kisha minyoo. Simlaumu mhudumu wa zahanati, kwa maana alsa na amiba zipo na ni nyingi kuliko saratani ya ovari. Ninachosema ni kwamba baada ya duru ya pili ya dawa isiyosaidia, swali libadilike. Mama aseme waziwazi: nina miaka hii, dalili hizi ni mpya, zimekuja siku hizi ngapi mwezi huu, naomba nipimwe nyonga kwa mkono na nipigwe picha ya altrasaundi. Toa ile kalenda, uiweke mezani. Karatasi yenye misalaba 17 ni vigumu kuipuuza kuliko neno la mdomo.

Neno kwa wasichana: picha ikionyesha kifuko cha maji kwenye ovari, usilie. Mwanamke anayepata hedhi hutengeneza vifuko kila mwezi, na vingi hutoweka vyenyewe. Saratani hii huwapata zaidi waliovuka miaka 50. Lakini uvimbe unaotiliwa shaka haudungwi sindano ovyo, maana ukipasuka humwaga seli tumboni. Mwenye uvimbe huo hupelekwa kwa daktari aliyefundishwa kuuondoa. Madaktari bingwa wa saratani za wanawake wapo Eldoret, kwenye hospitali ya rufaa ya Moi, na Chuo Kikuu cha Moi huwafundisha wengine. Kutoka Litein au Kapkatet, omba rufaa iandikwe.

Kuna wanawake walio katika hatari kubwa kuliko wengine, na hili nalo liandikwe. Ukiwa na mama, dada, au shangazi wa upande wa baba aliyeugua saratani ya ovari au ya titi, hasa akiwa bado kijana, damu yenu huenda imebeba hitilafu ya jeni ya BRCA1 au BRCA2. Nataja shangazi wa upande wa baba kwa makusudi, kwa sababu tumezoea kuulizia upande wa mama tu, na mwanamume huirithisha hitilafu hiyo kwa binti yake vilevile. Kuzaa, kunyonyesha, kumeza vidonge vya kupanga uzazi kwa miaka kadhaa na kufunga mirija vyote hupunguza hatari. Mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto, na ambaye tayari amebebeshwa maneno mengi, anastahili kuambiwa kwa upole kwamba hatari yake ni kubwa kidogo, ili asikilize tumbo lake, si ili apate la kujilaumu.

Sasa nije kwenye sumu.

Kati ya sumu zote ambazo watu huzitaja pamoja na ovari, iliyothibitishwa kwa nguvu ni asbestosi. Mwaka 2009 kundi la wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, lilikaa Ufaransa likapitia ushahidi wote, likakata shauri kwamba asbestosi husababisha saratani ya ovari. Ushahidi wa nguvu ulitoka kwa wanawake wafanyakazi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanawake wa Nottingham, Uingereza, walitengeneza barakoa za kuzuia gesi ya sumu kwa ajili ya wanajeshi, na ndani ya vichujio mlikuwa na asbestosi ya buluu. Miaka mingi baada ya vita, vifo vya saratani ya ovari miongoni mwao vilizidi vile vilivyotarajiwa. Ikajulikana kwa sababu kiwanda kilikuwa na orodha ya majina. Bila orodha, kila mmoja wao angekufa na ugonjwa wake peke yake, nyumbani kwake, na hakuna ambaye angewaunganisha.

Asbestosi si jambo la Ulaya. Itazameni hapa Kenya juu ya paa za nyumba za zamani za watumishi wa serikali, za shule na za taasisi, yale mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi, yanayokuwa na ukungu wa kijani mvua zetu zikikaa juu yake. Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 ziliiweka katika orodha ya taka hatari, na kuiondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA. Paa lililo zima, lisiloguswa, halikudhuru kwa kulala chini yake usiku mmoja. Hatari huzaliwa linapokatwa kwa msumeno, linapovunjwa kwa nyundo, linapofagiliwa likiwa kavu. Na hapa kwetu paa la shule likibomolewa, vipande havilali bure. Huchukuliwa kuzibia banda la kuku, kutengenezea choo, kuwekwa njiani penye matope. Watoto huvipondaponda na kuviandikia ardhini kama chaki.

Na nani hufua? Mume au kijana aliyepanda juu kubomoa hurudi na nguo nyeupe kwa vumbi. Mwanamke huzikung'uta kwanza, karibu na uso wake, ndipo huzitia majini. Wanawake ambao hawakuwahi kukanyaga kiwandani wameugua magonjwa ya asbestosi kwa kufua nguo za waume zao; hilo limeandikwa katika nchi nyingi. Kwa hiyo baada ya kazi yoyote ya namna hiyo, nguo ziloweshwe palepale, zisikung'utwe, zisichanganywe na za watoto. Paa nalo lirushiwe maji kabla ya kuguswa. Bora zaidi, kamati ya shule ikatae kabisa kibarua cha bei rahisi, idai mwenye leseni.

Niseme pia yasiyo hakika, maana hofu nayo hudhuru. Saratani nyingi za ovari hazitokani na asbestosi. Majani chai yetu ya Kericho na Bomet kwa kawaida hayanyunyiziwi dawa za wadudu, kwa kuwa baridi ya nyanda hizi huwazuia wengi wao. Dawa za magugu hutumika, na dawa za nyanya, za mananasi na za ng'ombe zipo kila boma. Ushahidi wa kuzihusisha na saratani ya ovari haujakomaa. Lakini yale majosho ya zamani, ambamo ng'ombe waliogeshwa kwa aseniki na baadaye kwa toksafeni, dawa zilizokwisha kuachwa, udongo wake hausahau. Mtoto asichimbe hapo, mboga zisipandwe hapo. Mahali palipo na josho la kale paandikwe.

Na ajali za barabarani za malori ya mafuta. Januari 2009, pale Sachangwan karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka. Zaidi ya 100 walikufa. Tunakumbuka moto. Tunasahau kwamba petroli ina benzini, inayosababisha saratani ya damu, na kwamba mwanamke anayebeba ndoo ya petroli kichwani huivuta na kuipitisha kwenye ngozi hata pasipotokea cheche.

Nchi nyingine zimefanyaje baada ya balaa? Nitawapa mifano inayofundisha jambo moja.

Tarehe 10 Julai 1976, kule Seveso kaskazini mwa Italia, kiwanda cha kemikali kilitoa wingu lenye dioksini juu ya vijiji. Wanyama walikufa, watoto wakatokwa na vipele usoni. Paolo Mocarelli, daktari wa maabara katika hospitali ya Desio, alikusanya damu ya wakazi akaihifadhi kwenye friza, wakati ambapo hakukuwa na mashine ya kupima kiasi kidogo hivyo cha dioksini kwenye damu ya mtu. Alihifadhi kitu ambacho hakuweza bado kukisoma. Miaka 20 baadaye, mashine zikiwa zimepatikana, Brenda Eskenazi wa Marekani aliungana naye wakawatafuta wanawake wale, wakapata 981 waliokubali. Damu ya 1976 ikapimwa. Kufikia 2002 waliweza kuonyesha kwamba waliokuwa na dioksini nyingi zaidi mwilini walipata zaidi saratani ya matiti, na uchunguzi wa afya yao ya uzazi uliendelea. Mimi humheshimu sana yule mtu wa friza. Sisi hatuna friza ya namna hiyo, lakini kalamu tunayo.

Mfano wa pili ni New York. Minara pacha iliposhambuliwa na kuanguka Septemba 11, 2001, vumbi lake lilikuwa na saruji, vioo vilivyosagika, madini ya risasi na asbestosi. Waokoaji, wafagiaji, waliorudi kuishi mitaa ile, wote walilivuta. Iliwachukua miaka karibu 10 ya kudai hadi sheria yenye jina la James Zadroga, askari mpelelezi aliyekufa 2006, ilipotiwa sahihi Januari 2011. Sheria hiyo ilianzisha mpango wa kuwapima na kuwatibu. Mwaka 2012 saratani zikaingizwa katika orodha, na ya ovari ikawa mojawapo, kwa sababu ya asbestosi iliyokuwa ndani ya vumbi na uamuzi ule wa 2009. Mwanamke aliyefanya kazi kwenye kifusi akaugua ovari hakuhitaji tena kubishana na mtu. Alihitaji kuthibitisha kwamba alikuwapo. Saratani ya mfuko wa uzazi iliachwa nje hadi Januari 2023. Waokoaji wengi walikuwa wanaume, na magonjwa ya wanawake yalikawia kuhesabiwa. Walioachwa waliendelea kujiandikisha na kudai mpaka mlango ukafunguliwa.

Sisi tulikuwa na kifusi chetu kabla yao. Agosti 7, 1998, bomu katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi liliua watu zaidi ya 200, likaangusha jumba la Ufundi. Wakenya walichimbua kwa mikono mitupu, wanawake wakiwamo, na vumbi lilitanda juu yao. Hakuna sheria ya Kenya inayoorodhesha magonjwa ya vumbi lile. Ikiwa hapa ukumbini kuna mama aliyekuwa Nairobi siku zile, aliyefagia ofisi, aliyebeba majeruhi, aandike tarehe, barabara na saa. Akienda hospitali kwa sababu yoyote, amwambie daktari.

Mfano wa tatu ni wetu, na ndio unaonipa moyo. Kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kilikuwa na wakazi wapatao 3,000. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa pale 2007. Phyllis Omido aliajiriwa humo 2009. Mwanawe mchanga akaugua, ikapatikana risasi imemfikia kupitia maziwa ya mama. Niseme sawasawa: risasi inaharibu ubongo wa mtoto, huharibu mimba, huumiza figo; si sumu iliyothibitishwa kwa ovari. Naitaja kwa namna wanawake wa kitongoji hicho walivyofanya. Hawakutawanyika. Walipimwa damu, wakahifadhi karatasi za majibu, wakahesabu mimba zilizotoka. Kiwanda kilifungwa 2014. Omido alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman 2015. Mwaka 2016 walikwenda mahakamani, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaiondoa 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Karatasi za zahanati zilisimama mbele ya majaji wa juu kabisa nchini.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani hata kabla hajaonyesha kwamba amedhurika. Ninyi wa Kericho hamhitaji kufundishwa na mgeni kazi ya kumbukumbu. Familia za Kipsigis na Talai zilizofukuzwa kwenye ardhi hizi wakati wa ukoloni zilibeba majina na mipaka kwa mdomo kwa vizazi. Zaidi ya watu 100,000 walitia majina yao kwenye malalamiko yaliyopelekwa Umoja wa Mataifa, na Agosti 2022 kesi ikafikishwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Wazee waliweza kusema nani alikaa wapi. Basi tufanye vivyo hivyo kwa sumu, ila safari hii kwa maandishi, wakati mashahidi wangali hai.

Nizungumzie msaada, maana kuandika peke yake hakumpeleki mtu Eldoret. Matibabu ya saratani ya ovari kwa kawaida ni upasuaji pamoja na dawa mbili za kemo, karboplatini na paklitakseli, mara 6, kila baada ya wiki 3. Kwa hiyo chama kinachotaka kumsaidia mwenzao kinaweza kupanga kwa hesabu: safari 6, nauli za watu wawili, mahali pa kulala. Mchango mmoja mkubwa siku ya harambee hufurahisha picha, kisha safari ya nne inakuta mfuko mtupu. Gaweni fedha kwa safari. Bima ya afya ya jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF Oktoba 2024, na hulipia saratani hadi kiwango fulani kwa familia kwa mwaka. Jiandikishe na ulipe ukiwa mzima, na uiulize hospitali kiasi kilichobaki kabla ya kila duru.

Kuna jambo ambalo wauguzi husahau kumwambia mkulima wa chai. Paklitakseli hutia vidole ganzi. Mwanamke aliyezoea kuvunja majani mawili na chipukizi bila kutazama atakuta vidole havihisi shina. Majani yatarudishwa kituoni kwa kuwa ni mabaya, na yeye atadhani amekuwa mvivu. Si uvivu. Ganzi hiyo aiambie daktari mapema, ili kipimo cha dawa kiangaliwe. Wakati huo majirani wamchumie kwa zamu, na kilo ziandikwe kwa namba yake ya mkulima, ili malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka zisipotee. Pengine hili litamfaa kuliko maua na maombi yetu, ingawa maombi nayo asinyimwe.

Na mwanamke kijana anayetolewa ovari zote mbili huingia katika ukomo wa hedhi kwa siku moja: joto usiku, ukavu, huzuni, na swali la watoto. Mumewe aelezwe naye akiwa ameketi pale, kwa lugha iliyo wazi. Nimeona ndoa zikivunjika kwa jambo ambalo nusu saa ya maelezo ingelituliza.

Sasa kuhusu daftari. Nimezungumza na wahudumu wa afya wa jamii wanaotembelea boma zenu, nao wamekubali kuanza. Kila mwanamke atajaza ukurasa wake: mwaka wa kuzaliwa, saratani za ukoo, pande zote mbili, kazi alizofanya na wapi, paa alizolala chini yake na zilizobomolewa mbele yake, josho, kiwanda, lori au kifusi alichokaribia, na mwaka gani, nani alikuwa naye. Ukurasa huo ni siri yake. Anakaa na nakala, na kila anapokwenda hospitali anaibeba pamoja na kadi. Majibu ya vipimo yapigwe picha kwa simu siku yanapotoka, maana karatasi za mashine hufifia. Mama zetu waliokufa tumbo likiwa limejaa maji na hakuna aliyeupa ugonjwa jina, binti zao wawajazie ukurasa pia, kwa yale wanayoyakumbuka.

Wazee, ukurasa huo hautakamilika bila ninyi. Kuna mliofanya kazi za ujenzi Kisumu, Nakuru na Mombasa, mliobomoa paa za reli na za shule, mkarudi nyumbani mwisho wa mwezi na nguo za kufuliwa. Semeni ni miaka gani, na ni majengo gani.